Matuta, Mezani na Kreti ya Soda: Nani Kashinda Dau?

Aprili 5, 2024, Yanga ya Tanzania na Mamelodi Sundowns ya Afrika Kusini walimaliza dakika 90 kwenye uwanja wa Loftus Versfeld, Pretoria, bila nyavu kutikisika. Mechi ya kwanza Dar es Salaam, Machi 30, nayo ilikuwa suluhu. Wakaenda kwenye matuta, yaani mapigo ya penalti, Sundowns wakafunga matatu, Yanga mawili, na safari ya Wananchi, kama Yanga wanavyoitwa, katika Ligi ya Mabingwa Afrika ikaishia robo fainali.

Kwenye kibanda umiza nilipotazama, mechi iliisha lakini mambo hayakuisha. Shabiki mmoja wa Simba, watani wa jadi wa Yanga, ambaye usiku ule alikuwa Msauzi kuliko Wasauzi wenyewe, alikuwa amewekeana kreti ya soda na rafiki yake wa Yanga. Walipowekeana walisema maneno machache sana, wakiwaita Sundowns kwa jina lao la utani: "Leo Masandawana anawapiga." "Hawezi. Kreti moja." "Poa."

Matuta yalipokwisha, yule wa Simba akanyoosha mkono.

"Kaka, kreti yangu."

"Kreti ya nini? Mechi imeisha sifuri sifuri. Nani kampiga nani?"

"Si mmetolewa!"

"Kutolewa tumetolewa. Kupigwa hatujapigwa."

Mzee mmoja aliyekaa benchi la nyuma akaingilia: "Na lile bao la Aziz Ki mnalisahau? Mpira ulivuka mstari, sote tumeona. Yanga kashinda moja bila." Hapo kibanda kizima kikalipuka.

Kwa haraka unaweza kudhani ni kelele za vijiweni tu. Lakini kila mmoja kati ya wale watatu alikuwa ameshika kipande cha ukweli, na kila kipande kina kanuni yake nyuma. Nataka tukifungue kimoja kimoja, maana nimeona marafiki wa miaka mingi wakinuniana kwa dau dogo kuliko kreti ya soda, na kila mmoja akiamini kwa moyo safi kwamba mwenzake ni dhulumati.

Tuanze na hoja ya Yanga, kwa kuwa kanuni za mpira ziko upande wake kuliko watu wengi wanavyodhani. Sheria za soka hutungwa na bodi ya kimataifa ya IFAB, na Sheria ya 10 ndiyo inayohusu matokeo. Timu iliyofunga mabao mengi ndiyo mshindi. Zikilingana kwa mabao, au zisipofunga kabisa, mechi ni sare. Baada ya hapo sheria inayaruhusu mashindano yanayohitaji mshindi yatumie njia nyingine: bao la ugenini, muda wa nyongeza, au mapigo ya penalti. Na hayo mapigo, kwa mujibu wa sheria yenyewe, hupigwa baada ya mechi kumalizika. Mwamuzi anapowaita manahodha kwa ajili ya matuta, mechi imeshakwisha na matokeo yake ni sare.

Ushahidi mzuri uko kwenye hesabu ya wafungaji. Fainali ya Kombe la Dunia, Desemba 18, 2022, Lusail, Qatar: Argentina 3, Ufaransa 3 baada ya dakika 120. Kylian Mbappé alifunga yote matatu ya Ufaransa, kisha akafunga tena kwenye matuta. Alimaliza mashindano akiwa na mabao 8 na kuchukua kiatu cha dhahabu. Lile tuta halikumfikisha 9. Lionel Messi naye alifunga tuta lake siku hiyo, akabaki na 7. Kama matuta yangekuwa sehemu ya mechi, mabao hayo yangehesabiwa.

Ukirudi nyuma zaidi utaelewa kwa nini iko hivi. Kabla ya IFAB kupitisha matuta mwaka 1970, timu zilizolingana zilirudiana, au zilipigiwa sarafu. Nusu fainali ya Kombe la Ulaya mwaka 1968 mjini Napoli, Italia na Umoja wa Kisovieti zilimaliza dakika 120 bila bao. Nahodha Giacinto Facchetti akaita upande wa sarafu, ikaangukia alikoita, Italia ikaenda fainali na hatimaye ikatwaa ubingwa. Hakuna aliyeweza kusema Wasovieti walifungwa siku ile, walikosa sarafu. Matuta yaliletwa kuchukua nafasi ya sarafu hiyo. Yanahitaji ujuzi na roho ngumu, hilo halina ubishi, lakini kazi yake ni ileile: kuamua nani anasonga mbele. Kwenye kumbukumbu, Yanga walitolewa na Sundowns wakiwa hawajafungwa bao hata moja ndani ya dakika 180.

Kwa hiyo kreti ni ya Yanga? Bado.

Sheria ya 10 inamwambia mwamuzi aandike nini kwenye ripoti yake. Haiwaambii marafiki wawili waliahidiana nini. Mtaani tunasema Argentina "alishinda" fainali ya 2022 na hakuna anayeinuka kupinga. Mtu aliyeweka dau kwamba Argentina atashinda, halafu akaambiwa na rafiki yake kuwa mechi ilikuwa sare ya 3-3, ana haki ya kukasirika. Fainali ni mechi moja yenye kombe mezani, na anayesema "fulani atashinda fainali" anazungumzia nani atanyanyua kombe. Kwenye mechi ya ligi hali ni kinyume: hakuna matuta, hakuna kombe usiku huo, na kushinda ni kushinda kwa mabao.

Mechi ya marudiano ndiyo ngumu kuliko zote, na ndiyo iliyowagombanisha wale wawili. Ina matokeo mawili kwa wakati mmoja: ya usiku wenyewe, na ya jumla. Timu inaweza kushinda marudiano 1-0 na bado ikatolewa kwa sababu ilifungwa mawili kwenye mechi ya kwanza. Aliyesema "leo anawapiga" alitumia neno la mabao na akataja siku. Ukiyachukua maneno yake kama yalivyo, alikuwa anazungumzia usiku ule tu, na usiku ule Sundowns hawakumpiga mtu.

Lakini maneno huwa hayatoshi, na hapa ndipo ninapotofautiana na wanaokimbilia kanuni. Tazama walichofanya dakika ya 90 ilipomalizika. Kama kweli yule wa Yanga aliamini kwamba dau linahusu mabao ya dakika 90, wakati ule ndio uliokuwa wa kunyoosha mkono: "Mechi imeisha, hajatupiga, lete kreti." Hakusema hivyo. Alipanda juu ya benchi, akashika kichwa, akatazama kila tuta kana kwamba soda zake ziko miguuni mwa mpigaji. Mwenzake vilevile. Wote wawili walilichukulia dau kuwa hai mpaka tuta la mwisho. Mtu aliyekaa kimya akingoja matuta yamwokoe hawezi, baada ya matuta kumwangusha, kurudi kwenye dakika ya 90 na kusema dau lilikwisha pale. Kwa hiyo mimi kreti ningempa wa Simba, na ningempa kwa sababu ya ile dakika moja ya ukimya. Sheria ya 10 isingebadilisha uamuzi wangu. Angalisema neno kabla ya tuta la kwanza kupigwa, ningempa wa Yanga bila kusita.

Ubishi huu umeongezeka kwa sababu ya mikeka, yaani tiketi za kubeti. Kampuni za kubeti hulipa soko la mshindi wa mechi kwa matokeo ya dakika 90 pamoja na zile za majeruhi. Muda wa nyongeza na matuta havimo, isipokuwa soko lenyewe liseme ni la nani atafuzu au nani atatwaa kombe. Kijana aliyezoea kubeti anaibeba kanuni hiyo kichwani kama vile ni sheria ya nchi, akiwekeana na mtu ambaye hajawahi kugusa mkeka maishani. Wanatamka neno moja, "atashinda", kila mmoja na maana yake, na hakuna anayedanganya. Kanuni ya kampuni ina nguvu kwa sababu mteja aliikubali alipofungua akaunti. Dau la kijiweni halina vigezo na masharti yaliyosomwa na mtu, kwa hiyo kanuni ya mkeka inaingia pale tu ambapo wote wawili ni watu wa mikeka, au walitamka "dakika 90" wazi.

Na wakitamka "dakika 90", tafadhali, bao la dakika ya 90 na nne limo. Dakika za majeruhi ni za kipindi cha pili. Mwamuzi anafidia muda uliopotea, hachezeshi kipindi kingine. Hili wala halihitaji mzee wa kusuluhisha.

Sasa turudi kwa mzee wa benchi la nyuma. Shuti la Stephane Aziz Ki liligonga mwamba, mpira ukadunda chini na kutoka, na picha za runinga ziliwafanya watu wengi, wakiwemo wasio wa Yanga, waone kwamba ulivuka. Sheria inataka mpira wote uvuke mstari wote. Ukibaki hata ukingo mdogo juu ya mstari, si bao. Pale Pretoria bao halikukubaliwa, na hakukuwa na ile teknolojia ya mstari wa goli inayompa mwamuzi ishara kwenye saa yake ya mkononi. Maumivu ya Yanga nayaheshimu. Ila Sheria ya 5 inasema uamuzi wa mwamuzi kuhusu mambo ya mchezo, ikiwemo kama bao limefungwa au halikufungwa na matokeo ya mechi, ni wa mwisho. Anayeweka dau anaweka juu ya matokeo yatakayotangazwa, makosa ya waamuzi yakiwemo. Tukifungua mlango wa "sote tumeona", kila dau litaamuliwa na mwenye sauti kubwa.

Kuna mara chache sana ambapo hata uamuzi wa mwamuzi ulifutwa. Novemba 2016 Afrika Kusini iliifunga Senegal 2-1 mjini Polokwane katika kufuzu Kombe la Dunia. Penalti iliyozaa bao la kwanza ilitolewa kwa madai kwamba Kalidou Koulibaly aliushika mpira, wakati mpira ulimgonga gotini. FIFA ikamfungia maisha mwamuzi Joseph Lamptey wa Ghana kwa kuvuruga matokeo, ikafuta mechi, na Novemba 2017 ikarudiwa: Senegal ikashinda 2-0 na kufuzu kwenda Urusi. Aliyekunywa soda ya ushindi wa Afrika Kusini mwaka 2016 alitakiwa kuirudisha mwaka mmoja baadaye?

Swali hilo linatupeleka kwenye ushindi wa mezani, yaani ule unaotolewa kwa uamuzi wa viongozi wa soka na si kwa mabao ya uwanjani. Machi 2025 Afrika Kusini iliifunga Lesotho 2-0, tena katika kufuzu Kombe la Dunia. Ikagundulika kwamba Teboho Mokoena alicheza akiwa na adhabu ya kadi za njano. Septemba mwaka huohuo FIFA ikaamua Lesotho ndiyo mshindi, 3-0, na Afrika Kusini ikapoteza pointi. Jedwali likabadilika, lakini wale waliotazama mechi waliona Lesotho ikifungwa, na hilo hakuna barua inayoweza kulifuta machoni mwao.

Kampuni za kubeti kwa kawaida hulipa matokeo yaliyopatikana uwanjani siku ya mechi, na uamuzi wa mezani unaokuja baadaye haugusi mikeka iliyokwisha kulipwa. Hapa nakubaliana nazo hata kwa madau ya marafiki. Dau la mechi linahusu kile kitakachochezwa mbele ya macho yenu, likishalipwa, limefungwa. Dau la msimu ni kitu kingine. Ukisema "timu yangu itamaliza juu ya yako", umekubali jedwali na kila kinachoweza kulipangua, mezani pakiwemo.

Kuna jambo la runinga ambalo sioni likizungumzwa, nalo linaleta dhuluma ya kweli. Picha haifiki kwa wote kwa wakati mmoja. Anayetazama kwa simu kupitia intaneti mara nyingi yuko nyuma ya anayetazama kwa king'amuzi, na anayesikiliza redio anaweza kuwa mbele ya wote. Mtu mwenye redio sikioni anaposema ghafla, "Kona hii inaingia, weka elfu mbili," na mwenzake kwenye skrini bado anaona beki akiutoa mpira nje, hilo halistahili kuitwa dau. Amemuuzia mwenzake habari ambayo yeye anayo tayari. Dau lolote linalowekwa mechi ikiendelea linahitaji wote wawili wawe wanatazama skrini moja, na bila hivyo hela irudi, hata kama aliyepoteza hakushtuka mapema.

Mabao ya kujifunga nayo yana ubishi wake. Ukiweka kwamba fulani atafunga bao la kwanza, na beki akajifunga kwanza, kwenye mikeka bao la kujifunga linahesabika kwenye matokeo lakini halihesabiki kwenye soko la mfungaji. Anaangaliwa mfungaji anayefuata. Marafiki wengi wakiulizwa wanakubali hivyohivyo, basi sina la kuongeza.

Anayedhani atapata haki yake kwa njia ya sheria ajue kwamba Sheria ya Mikataba ya Tanzania, kama ile ya India iliyoizaa, inauhesabu mkataba wa dau kuwa batili: huwezi kumshtaki mtu akulipe ulichoshinda kwa kubishana. Kwa Waislamu lipo jambo zito zaidi ya hilo, kwa kuwa dau la pande mbili ni kamari hata likiwa la soda, na wapo vijana wa Pwani ambao kwa ajili hiyo hawaweki kitu kabisa. Wanatoa ahadi ya upande mmoja, "Ukishinda nitakuandalia chakula", na wanaishia hapo. Nawapa heshima yao. Kwa wanaowekeana, kinachobaki ni neno la mtu na mashahidi waliokuwepo. Ndiyo maana shahidi mzuri haulizwi nani kashinda mechi. Anaulizwa maneno gani yalitamkwa, nani aliyatamka, na nani aliitikia. Mashahidi wakipishana, na mwenendo wa wahusika wenyewe usipoonyesha walielewana vipi, kila mtu achukue chake. Kugawana nusu kwa nusu mimi sikupendi, maana kunamlipa aliyejua ana hoja dhaifu akakomaa tu.

Niliona kanuni hiyo ikijaribiwa vikali Machi 8, 2025. Simba na Yanga zilikuwa zikutane usiku kwenye uwanja wa Benjamin Mkapa. Simba ikatangaza kwamba haitacheza, ikidai ilizuiwa kufanya mazoezi uwanjani hapo siku moja kabla. Bodi ya Ligi ikaahirisha mechi siku ileile, huku Yanga ikifika uwanjani na kushikilia kwamba inastahili pointi. Mjini hela zilikuwa zimeshawekwa mikononi mwa watu wa tatu. Mashabiki wa Yanga wakadai ushindi: mpinzani kakimbia. Wa Simba wakasema hakuna mechi, hakuna dau. Wengine wakasema hela zikae palepale mpaka mechi itakapopangwa upya.

Mechi ilikuja kuchezwa Juni 25, zaidi ya miezi mitatu baadaye, Yanga ikashinda 2-0 na kutwaa ubingwa. Matokeo hayo hayakumpa mtu haki juu ya hela za Machi. Aliyeweka dau Machi aliweka akijua majeruhi wa Machi, vikosi vya Machi na tofauti ya pointi ya Machi. Juni ilikuwa mechi nyingine yenye jina lilelile. Mshika hela aliyemrudishia kila mtu chake usiku ule wa Machi 8, kisha akawauliza upya Juni kama bado wanataka, alifanya sawasawa. Wale waliozishikilia mpaka Juni na kuwapa mashabiki wa Yanga, bila kuwauliza wa Simba, wanadaiwa mpaka leo.